Nilichokificha wakati nasomea uuguzi

Kwa miaka sita kabla sijaingia chuo kikuu nilikuwa mhudumu wa afya kwenye zahanati moja mkoani Singida. Nilipiga deki, nilichemsha vifaa, nilimwaga uchafu wa chumba cha kuzalishia, na umeme ukikatika usiku mimi ndiye niliyeshika taa mkunga akiendelea na kazi. Kwa hiyo mwaka 2017 nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya uuguzi, niliondoka nyumbani nikiamini nusu ya njia nimeshaitembea. Wodi naijua, damu siiogopi, wagonjwa nimewazoea. Nilikuwa na miaka 27, na mtoto wa miaka minne niliyemwacha kwa mama yangu.

Leo nina leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga na ninafanya kazi wodi ya wazazi. Naandika kwa ajili ya wenye cheti cha kidato cha sita kimekaa kabatini kama kilivyokaa changu, na kwa walioko chuoni sasa hivi ambao mambo yameanza kuwakaba. Masomo ni magumu, hilo kila mtu atakwambia. Lakini mimi karibu kila kitu kilichoniumiza kilianzia kwenye jambo nililolijua na nikalificha.

Nianze na makaratasi, maana hapo ndipo wengi wanapokwama hata kabla ya kufika. Kidato cha sita nilisoma PCB, nikapata C ya Kemia, C ya Baiolojia na D ya Fizikia. Mwaka ule wa 2017 waombaji walianza kuomba moja kwa moja kwenye vyuo badala ya kupitia mfumo mmoja wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na kila chuo kilitaka ada yake ya maombi. Nilitupa hela kwenye vyuo viwili ambavyo sikuwa na sifa zao, kwa sababu sikusoma kitabu cha mwongozo cha TCU. Kinatolewa kila mwaka, kinaonesha kila kozi inataka masomo gani na alama gani. Kisome mwenyewe, usisomewe na mtu wa steshenari ambaye ana foleni ya watu kumi nyuma yako.

La pili ni majina. Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa na jina la babu mwishoni, vyeti vya shule vikaishia kwa baba. Kwenye maombi ya mkopo, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, na kwa sababu baba alikwishafariki, cheti chake cha kifo nacho kikapitia huko huko. Hapo tena inatakiwa saini ya mdhamini, muhuri wa serikali ya kijiji, na wakili au hakimu. Nilikwenda mjini mara tatu kwa ajili ya hati ya kiapo ya majina tu, na kila safari ilikula nauli ya kwenda na kurudi na siku ya kazi. Haya yote unaweza kuyamaliza miezi kadhaa kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Wanaoanza siku ya kufunguliwa hukutana wote kwenye foleni moja.

Mkopo nilipata. Enzi hizo hela ya chakula na malazi, boom kama tunavyoiita, ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na ilikuja ya siku 60 kwa mpigo, yaani 510,000. Sikuwahi kushika hela nyingi kiasi hicho kwa mara moja. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita, fungu langu likawa 210,000. Nikatuma nyumbani 150,000 kwa ajili ya mtoto, kwa sababu niliona haya mama aone nimepata hela ya serikali na nimetuma kidogo. Ikabaki 150,000 ya siku sitini. Gawanya uone: 2,500 kwa siku, humo kuna chakula, nauli ya kwenda hospitali ya mafunzo, vitini na sabuni.

Ningemwambia mama ukweli angeelewa. Sikumwambia. Nikatafuta kazi ya usiku kwenye zahanati binafsi, kazi ile ile ya deki, siku nne kwa wiki. Asubuhi naingia darasani la Fiziolojia, mhadhiri anaeleza kwa Kiingereza namna figo zinavyopandisha presha, na mimi macho yanafumba. Ile hali ya kujiona naijua wodi ndiyo iliyonidanganya zaidi. Nilijua kwamba mgonjwa wa moyo hulazwa kwenye mito mingi. Sikujua kwa nini. Mtihani unauliza kwa nini.

Muhula wa kwanza nikapata sapu mbili, Fiziolojia na Baiokemia. Kwa wasiojua, sapu ni mtihani wa marudio, na ukianguka tena kuna kukeri, yaani kulirudia somo mwaka unaofuata, au kudisko, yaani kuondolewa chuoni kabisa. Nilikuwa dada mkubwa darasani, wale vijana wa miaka 20 wananiita dada na kuniuliza mambo ya wodi, na sikutaka wajue. Nikajifungia kusoma peke yangu. Aliyeniokoa ni kijana mmoja tuliyekuwa naye kundi moja la maabara, ambaye naye alikuwa na sapu na hakuona taabu kulisema mbele ya watu. Akakusanya watu watano. Tukawa tunakutana baada ya kuswali magharibi, kila mmoja anachukua mada moja na kuifundisha kwa Kiswahili bila kutazama daftari. Ukikwama kuieleza kwa Kiswahili, ujue hukuielewa, ulikariri tu. Nilipoeleza kwa kinywa changu mwenyewe kwamba moyo ukishindwa kusukuma damu maji hurudi nyuma yakajaa mapafuni, na kwamba mgonjwa akilala chali anakuwa kama anazama, ndipo ile mito mingi ikanijia na maana yake. Sapu zote nilizifaulu, na kazi ya usiku nikaiacha.

Kuiacha kukazaa tatizo lingine. Mkopo wangu ulilipa sehemu tu ya ada, na kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza nilidaiwa 380,000. Bila kumaliza deni hupewi kibali cha kuingia chumba cha mtihani. Nilikaa kimya hadi zikabaki siku tano. Mama akauza mbuzi watatu kwa bei ya kutupa, kwa sababu mnunuzi alijua tuna haraka. Mwaka wa pili ndipo nikajua kwamba chuoni kwetu ofisi ya mlezi wa wanafunzi hupokea barua ya kuomba kulipa kwa awamu, mradi uipeleke mapema. Wenzangu walikuwa wanaandika barua hizo kila muhula. Nilikuwa napita mbele ya mlango ule kila siku.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa miaka mingi sikumsimulia mtu.

Mwaka wa pili, wodi ya wanaume, saa nne asubuhi ya Jumanne. Nilikuwa nimemaliza kumchoma sindano mzee mmoja wa kitanda cha dirishani. Kisanduku cha kutupia sindano kilikuwa kwenye toroli, na toroli mwenzangu kaisukuma hadi mwisho wa wodi. Nikafanya kile tulichokatazwa tangu wiki ya kwanza: nikashika kifuniko kwa mkono wa kushoto, sindano kwa mkono wa kulia, nikataka kuirudishia. Ikatoboa glovu ikaingia kidole cha shahada. Niliona tone la damu likitanuka taratibu chini ya mpira, jekundu sana, kama mtu amedondosha wino kwenye maji.

Nilikwenda kwenye sinki nikavua glovu nikakifinya kile kidole kwa nguvu zangu zote. Hilo nalo lilikuwa kosa. Kidonda cha namna hiyo hakifinywi, kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, basi. Kisha nikavaa glovu mpya, nikarudi kwa mgonjwa aliyefuata. Msimamizi wetu alikuwa ametuambia kwamba mwanafunzi anayejichoma hajajifunza kitu, na mimi ndiye niliyetoka kazini na uzoefu. Nikajiambia sindano haikuingia sana. Usiku wa Jumanne sikulala, wa Jumatano sikulala. Kichwani nilikuwa na mtoto wangu tu.

Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI huanzwa mapema iwezekanavyo, na mwisho wake ni saa 72. Nilikuwa nalijua hilo, tulikuwa tumefundishwa. Nilikuwa nalala nazihesabu saa na bado siendi. Nimewahi kujiuliza sana kwa nini, na sina jibu zaidi ya aibu.

Alhamisi asubuhi niliyepanga naye chumba alinikuta nalia nikichuja chai. Hakuniuliza mara mbili. Alinishika mkono tukaenda hadi kwa sista kiongozi wa wodi ile, mama mtu mzima aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu. Nilitegemea kufokewa. Aliangalia saa ya ukutani, akauliza, "Jumanne saa ngapi?" Nikasema saa nne. Ilikuwa imekaribia saa sita mchana, saa hamsini zimepita. Akanichukua mwenyewe hadi kliniki, na njiani akasema neno moja tu: "Mwanangu, wewe kesho na keshokutwa utakuwa unazalisha. Unawaambiaje wazazi? Mficha uchi hazai."

Nilimeza dawa siku 28. Zilinichafua tumbo, wiki ya kwanza kila nilichokula kilirudi. Majibu ya yule mzee ni siri yake, hayatatoka kwangu. Yangu yalirudiwa baada ya wiki sita na tena baada ya miezi mitatu, na nilikuwa salama. Ila katika kuulizwa maswali ndipo ikagundulika kwamba chanjo yangu ya homa ya ini B sikuimaliza. Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Ya tatu niliiruka kwa sababu ilikuwa ya kulipia na hela nilituma nyumbani. Kama unaanza chuo mwaka huu, chanjo hiyo iwe miongoni mwa vitu vya kwanza unavyovilipia, kabla ya simu mpya, kabla ya viatu vyeupe. Na kisanduku kiende na wewe hadi kitandani kwa mgonjwa. Kikiwa mbali, kifuate na sindano ikae kwenye trei wazi, usiifunike.

Baada ya hapo nilibadilika, ingawa si kwa siku moja. Miezi michache baadaye, wodi ya upasuaji, nilipewa jukumu la kumwandaa mama mmoja wa ngiri. Nilimwambia jioni: "Mama, kuanzia saa sita usiku usile kitu chochote mpaka utoke chumba cha upasuaji." Akaitikia vizuri. Asubuhi alipofikishwa mlangoni akaulizwa kama amekula. "Sijala mwanangu, nimekunywa uji tu."

Alisema kweli. Kwetu uji hauliwi, unanywewa. Mimi nilikuwa nimesoma kanuni kwa Kiingereza nikaitafsiri nusu. Upasuaji ukaahirishwa, na mtoto wake aliyesafiri kutoka kijijini kumuuguza akalazimika kulala siku nyingine mbili kwenye kibaraza. Daktari aliuliza nani alimwandaa, na ulimi ulikuwa mwepesi kusema mgonjwa hakufuata maelekezo. Nilisema ni mimi, na maelekezo yangu hayakutosha. Nilifokewa mbele ya wenzangu, nikalia chooni kidogo, na kufikia saa tano kazi ilikuwa inaendelea na hakuna aliyelikumbuka. Tangu siku hiyo nasema: usile, usinywe, hata maji, hata chai, hata uji, hata soda. Halafu namwomba mama anirudishie alichosikia. Hii haimo kwenye vitini vingi, lakini lugha ya darasani na lugha ya kitandani ni mbili, na wa kuziunganisha ni wewe muuguzi, mgonjwa haimhusu.

Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona hadi tarehe 1 Juni. Nilirudi Singida, nikamkuta mtoto ananiita dada kama anavyomsikia mjomba wake. Sitalisema zaidi hilo. Wenye watoto wadogo wajiandae nalo, na wapige simu kila siku hata kama ni dakika mbili.

Muda ule nyumbani nilikaa na hesabu za dawa, kwa sababu ndizo zilizoniangusha kwenye mtihani wa vitendo. Mtihani ule una vituo, kengele inalia, dakika zako zinahesabiwa. Kituo kimoja nilipewa mililita 500 za maji ya dripu ziingie kwa saa nne. Kanuni niliijua: ujazo mara matone ya mililita moja, gawanya kwa dakika. Mpira wa kawaida uliokuwa mezani ulitoa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo 500 mara 20 gawanya kwa 240, matone 42 kwa dakika. Mimi nikaweka 60, ya mpira wa watoto, kwa sababu ndiyo niliyoifanyia mazoezi usiku uliopita. Namba imechapishwa kwenye pakiti. Sikuigeuza pakiti. Kituo kingine nilipoteza alama kwa kutonawa mikono na kutojitambulisha kwa mgonjwa wa kuigiza, mambo ambayo wodini nilikuwa nayafanya kila siku. Chumbani fanya mazoezi kwa sauti, umsalimie hata mto: shikamoo mama, naitwa fulani, naomba jina lako kamili. Mdomo ukizoea, hofu haiutoi.

Mwaka wa tatu na wa nne usiache kitabu cha mazoezi bila saini. Umezalisha mama saa tisa usiku, mkunga aliyekusimamia asaini kabla hamjakabidhiana zamu. Nilikuwa na rafiki aliyemaliza masomo yote na akabaki miezi akiwatafuta wakunga waliokwishahamishiwa mikoa mingine. Na wazazi hawaji kwa ratiba yako. Wanaotaka kutimiza idadi ya kuzalisha inayotakiwa kitabuni hukubali zamu za usiku bila kunung'unika.

Nilimaliza 2021, nikaingia mwaka mmoja wa mafunzo kazini kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Usiku mmoja leba tulikuwa na binti wa miaka 19 aliyeletwa na kifafa cha mimba, yuko kwenye magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, ambayo ikizidi mwilini huzima pumzi. Kila baada ya saa nne anapigwa gramu tano kwenye tako, lakini kabla ya kila dozi kuna vitu vitatu vya kuangalia: anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kwenye chati upumuaji ulikuwa 20, 20, 20. Nilizijua hizo ishirini, kwa sababu mimi mwenyewe mwaka wa tatu, zamu ikiwa imetulemea, niliwahi kuziandika bila kuhesabu. Nikavuta kiti. Nikaweka mkono kifuani kwake, nikatazama saa dakika nzima. Kumi na tatu. Nikarudia, kumi na tatu. Nikagonga goti, kimya.

Sikumpa ile dozi. Nilimwita daktari, dawa ya kuiondoa nguvu magnesiamu ikachomwa taratibu kwenye mshipa, na tukakaa naye. Kulipopambazuka alikuwa anapumua mara 18 na anaomba kumwona mtoto. Niliingia kwenye kitabu cha taarifa nikaandika kila kitu, na saa zake.

Mtihani wa Baraza niliufaulu na leseni nikaipata mwisho wa 2022. Ajira haikuja siku hiyo. Nilijitolea miezi 14 kwenye hospitali ya wilaya nikilipwa nauli, huku nikituma maombi kila nafasi zilipotangazwa. Wengi wa darasa letu walipita hapo hapo, na wapo waliokata tamaa wakaingia biashara. Weka hesabu hiyo kwenye mipango yako mapema, na ujue kwamba mshahara ukianza, asilimia 15 inakwenda kulipa mkopo.

Mtoto wangu sasa naishi naye. Wodini kwetu yupo mhudumu mmoja, binti mwenye PCB yake nzuri tu, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa ananiambia hana mpango wa kusoma. Wiki iliyopita, tukisubiri maji yachemke, akaniambia kinachomzuia: cheti cha kuzaliwa kina jina moja, cha kidato cha nne kina jingine, na alikuwa anaona aibu kuuliza. Nimemwambia alete vyote viwili. Jumatatu tukitoka zamu tunakwenda kwa wakili.